Dole Gumba la Semeni

Lugendo alifika kwenye zahanati asubuhi, nyundo mkononi, siku ya tatu tangu amzike mkewe. Zahanati yenyewe ilikuwa kuta tupu. Wanakijiji walifyatua matofali, wakajenga hadi kwenye lenta, juu ya madirisha, wakaambiwa na serikali wasubiri bati. Sasa magugu yalikuwa yamemea katika chumba cha kujifungulia.

Kila kaya ilitia alama matofali yake kabla hayajachomwa, isije ikasemwa imekwepa kazi. Alama ya nyumba ya Lugendo ilikuwa kishimo cha dole gumba la mkewe, Semeni.

"Unataka kubomoa?" aliuliza mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa anapita njia.

"Nachukua ya kwetu, mzee, nikamjengee kaburi. Yeye ndiye aliyeukanyaga udongo wake. Amenifia njiani na uchungu wake, juu ya baiskeli, hospitali hata haijaonekana."

Mwenyekiti aliiacha njia, akausogelea ukuta.

Lugendo alipapasa ukuta mpaka akaliona la kwanza, pembeni mwa dirisha. Aliweka dole gumba lake kwenye kile kishimo. Halikuingia, la Semeni lilikuwa jembamba. Akagonga taratibu, kama anayebisha hodi. Tofali likalegea, likatoka, na udongo wa juu yake ukaanza kumwagika.

Mwenyekiti akavua koti. Hakumzuia. Aliegemeza viganja vyake kwenye matofali ya juu yasiporomoke, akabaki hivyo, huku Lugendo akitafuta la pili.