Wiki ya Wanaoanguka

Filamu sita, na katika kila filamu lazima mtu aanguke kutoka juu. Hilo ndilo sharti alilolitoa Bimkubwa.

Mzee Mmanga, mwenye sinema ya Ole, akakuna kidevu. Sinema yenyewe ilikuwa ghala la zamani la karafuu: mabenchi kumi na mawili, projekta moja na ukuta uliopakwa chokaa. Ukikaa humo saa mbili unatoka unanukia pilau.

"Bi, watu wanataka mapenzi na ngumi."

"Ngumi ziwemo. Lakini aanguke mtu. Na asianguke mwenyewe, asukumwe. Wiki nzima naikodi miye, watu waingie bure."

Mmanga hakuuliza zaidi. Ole nzima ilijua. Msimu wa karafuu wa mwaka juzi, Ishak, mwana wa Bimkubwa, alianguka kutoka juu ya mkarafuu akafa. Siku hiyo walikuwa watatu wakichuma: Ishak, Qais na Zubeir. Qais alisema alikwenda kuchota maji, akarudi akamkuta rafiki yake yuko chini. Zubeir alisema yeye ndiye aliyetangulia kuondoka, akawaacha Ishak na Qais pale pale mtini. Mmoja wao alikuwa mwongo, na kijiji kilishaamua nani.

Sasa huyo Qais alikuwa ameleta posa kwa Maisa, dada yake Ishak. Wazee wake walitaka jibu Ijumaa. Bimkubwa alikuwa na siku sita za kujua kama anamwoza binti yake kwa mtu aliyemuua mwanawe.

Jumamosi baada ya alasiri, ghala lilijaa. Wanaume mbele, wanawake ubavuni, mahali ambapo mwanga wa ukutani unakuonesha nyuso zote. Qais alikaa benchi la tatu. Alialikwa kwa jina.

Mtafsiri, kama kawaida ya sinema ya Mmanga, alikuwa Zubeir na maiki yake. Kichina hakijui, Kikorea hakijui. Anachokijua ni kwamba hata waliokaa mbele yake hawavijui.

Ukutani, ndugu wawili walikuwa juu ya paa. Mmoja akamsukuma mwenziwe kwa mikono miwili, bila haya.

"Lahaula, kateleza masikini," ikasema maiki. "Kila siku nawaambia, viatu vya mtumba si vya kupandia mapaa."

Watu wakacheka mpaka mabenchi yakalia. Qais hakucheka. Aliinama akatazama vidole vya miguu yake.

Jumapili ilikuwa darajani, teke la mgongo.

"Kateleza tena. Jamani, maganda ya ndizi msiwe mnatupa ovyo."

Qais akatoka nje filamu haijaisha. Waliokaa karibu na mlango walimsikia akitapika.

"Mama, umemwona?" Maisa alinong'ona. Alikuwa akimpenda Qais.

"Tulia, mwanangu."

Jumatatu mnara. Jumanne ngazi za hospitali. Kila aliyesukumwa, Zubeir alimtelezesha, na ghala likazoea kumjibu.

"Kasukumwa huyo, huoni?" mwanamke mmoja alipaza sauti.

"Nani mtafsiri hapa, miye au weye?" maiki ikamrudishia, na kicheko kikaanza upya.

Qais alirudi kila siku, na hilo ndilo lililowatisha watu. Mtu gani anarudi? Uso ulimsawijika, macho yakamwingia ndani. Kila mtu alipoanguka ukutani, mikono yake ilinyanyuka kidogo, kama ya mtu anayetaka kudaka. Au kusukuma, walisema waliokaa nyuma yake, na kufikia Jumatano hakuna aliyekubali kukaa naye benchi moja.

Siku hiyo Bimkubwa aliitazama filamu kwa macho yaliyofumbwa.

"Mama, utamwonaje hivyo?"

"Nasikiliza."

Alhamisi, filamu ya mwisho. Msitu, na vijana wawili juu ya mti mrefu. Ghala zima likaacha kutafuna njugu. Kijana wa nyuma alimwekea mwenzake mkono begani. Akangoja kidogo, kama anayekumbuka jambo. Akasukuma.

Maiki ikanyamaza. Ikakwaruza. Ikanyamaza tena.

"Kateleza," akasema Zubeir, polepole. Hakuongeza mzaha.

Hakuna aliyecheka. Vichwa vyote viligeukia benchi la tatu. Qais alikuwa ameufunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika.

"Inatosha," Bimkubwa akasema, akavaa makubadhi yake.

Usiku ule Maisa hakula. Mama yake hakumwambia kitu, na yeye hakuthubutu kuuliza.

Ijumaa baada ya sala walikwenda kwa Sheha, mama mbele, binti nyuma na macho mekundu. Habari za ghalani zilishawatangulia. Sheha alikuwa ameweka karatasi tayari, na muhuri pembeni.

"Pole sana, Bi. Hili tungelifanya tangu mwaka juzi."

Akaandika taratibu, akisoma kwa sauti: polisi waombwe kulifungua upya shauri la marehemu Ishak, na mtuhumiwa ni... Akainua kalamu.

"Qais bin nani, Bi? Nisije nikakosea jina."

"Qais ni mkwe wangu," Bimkubwa akasema. "Siku sita nimeisikiliza ile maiki, neno 'kasukumwa' halikuitoka hata mara moja. Andika Zubeir."