Jina la Tatu

Stanslaus aliliweka daftari la ushuru kwenye kiti, kisha akalikalia.

"Silitoi," alisema. "Wanifukuze kazi kama wanataka."

Evodius, afisa habari wa halmashauri, alibaki amesimama mlangoni mwa kibanda cha geti na barua yake yenye mhuri. Alikuwa na miezi minne tu tangu ahamishiwe Mara kutoka Bukoba, na hakuwahi kuona karani wa geti mwenye kiburi cha namna ile. Nyuma yake alisimama Mzee Nchagwa, fimbo mkononi, kofia ameivua kama mtu aliye msibani.

"Stanslaus, sheria ya kupata taarifa iko wazi," Evodius alisema. "Mwananchi anaomba kujua gari gani lilipita hapa tarehe mbili asubuhi, lilibeba nini, lilikwenda wapi. Hiyo nayo ni siri ya serikali? Mtoto wa watu amepotea!"

Alipaza sauti, na hakujuta. Ilikuwa siku ya tisa tangu Boke, msichana wa miaka kumi na minne, aonekane akipanda pikapu nyeupe njia panda, upande wa Tarime. Pikapu ilikuwa na mzigo, na kila mzigo unaokwenda Serengeti kwa barabara ile hukatiwa ushuru kwenye geti la Stanslaus. Jibu lilikuwa humo humo, chini ya makalio ya karani.

Mzee Nchagwa alikuwa ameingia ofisini kwa Evodius Jumatatu, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mura. Natafuta binti yangu."

Evodius alimpa kiti, akamjazia fomu mwenyewe, kwa sababu mzee hakujua kuandika. Walikwama kwenye jina la mtoto.

"Boke."

"La pili?"

"Nchagwa. Si ni wangu?"

"La tatu?"

"La tatu la nini?"

"Fomu inataka majina matatu, mzee. Nyumbani mnamwitaje?"

Mzee alifikiri kidogo. "Huyo? Kwa sasa ni msagane tu."

Evodius akaandika Msagane, kwa herufi kubwa na mwandiko wa kupendeza. Kikurya chake kilikuwa bado cha salamu.

Alipoeleza kwamba ofisi ina siku thelathini za kujibu, mzee alishika meza kwa mikono miwili.

"Thelathini? Si Desemba itakuwa imekwisha! Wenzake wote wamemaliza, amebaki yeye peke yake. Mama yake hali, halali."

Evodius aliumia. Naye alikuwa na binti, Stefania, aliyemwacha Bukoba kwa bibi yake, na alijua Krismasi bila mtoto inavyokuwa. Akaahidi siku tatu.

Na sasa siku ya tatu imefika, karani amelikalia daftari.

"Hebu nione hiyo barua," Stanslaus alisema hatimaye. Aliisoma polepole. Kidole chake kikasimama katikati ya ukurasa. "Hili jina la tatu kakupa nani?"

"Baba yake mzazi."

Stanslaus aliishusha barua. "Bwana Evodius, hivi wewe unajua..."

Mzee Nchagwa alikohoa. Akasema maneno machache ya Kikurya, kwa upole kabisa, huku akiipapasa fimbo yake. Stanslaus alifumba mdomo. Mji wake, ng'ombe wake na watoto wake walikuwa kijiji kimoja na mzee huyo. Akainuka kwenye kiti, akaenda kusimama dirishani.

Evodius alilinyakua daftari, akafunua hadi tarehe mbili, akasoma kwa sauti: "Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pikapu nyeupe. Magodoro ishirini, mchele magunia matano. Mwenye mzigo, Winfrida. Unakoshushwa, Serengeti, njia ya Kisaka, nyumba ya bati la bluu." Damu ikamchemka. "Magodoro ishirini! Mzee, huyu mama hana mtoto wako tu. Anakusanya watoto wa watu! Twende polisi sasa hivi."

"Polisi baadaye, mura. Ndugu zangu wako hapo nje na pikipiki. Acha kwanza tumtoe mtoto."

Evodius aliona ni maneno ya mzazi mwenye uchungu. Alinakili ukurasa, akasaini, akagonga mhuri, akampa mzee karatasi kwa mikono miwili. Mzee alimkumbatia. Stanslaus hakugeuka hata kuaga, na Evodius akajisemea moyoni kwamba huyu ana lake jambo, siku yake inakuja.

Siku nne baadaye Mzee Nchagwa alirudi ofisini, kofia kichwani, jogoo mkubwa kwapani. Huko barabarani watu walikuwa wakipita kwa filimbi na vigelegele.

"Amepatikana?" Evodius aliruka kutoka kitini.

"Amepatikana, mura. Yuko nyumbani, amelala. Huyu jogoo ni wako. Bila karatasi yako tungeaibika."

Machozi yalimtoka Evodius, wala hakuyafuta. Kwa miaka sita ya kazi alikuwa amejaza fomu ambazo hazikumsaidia mtu yeyote, na leo moja ilikuwa imemrudisha mtoto kwao. Akavuta faili, akaandika kwa furaha kwamba ombi limefungwa na mwananchi ameridhika.

Mzee aliinama juu ya meza. "Lile jina la tatu uliliandika wapi?"

"Hili hapa, mzee. Msagane."

"Lifute, mwanangu. Hilo ni la msichana ambaye hajapita kwa ngariba, kama wale wanaokimbilia kwa Winfrida. Boke wangu alipita jana."