Udongo Uliotifuliwa

"Gugu hili lina roho mbaya," alisema Mzee Jembe, akilikata shina. "Penye udongo uliotifuliwa, ndilo la kwanza kuota."

Ndiyo maana aliomba kazi ya kusafisha haya makaburi ya kale. Humo hajazikwa mtu tangu enzi za babu wa babu. Wenzake walikuja kufyeka magugu ya kigeni na kurudishia miti ya asili iliyokufa kwa kusongwa. Yeye alikuja kumtafuta kitindamimba wake, binti aliyetoka nyumbani jioni moja na mpaka leo kimya. Kandambili yake moja iliokotwa chini ya ukuta wa makaburi. Polisi walitafuta wakachoka. Baba achoke aende wapi?

Mkewe naye haondoki langoni. Kutwa amekaa pale, sanda imekunjwa mapajani. Tamaa ya kumwona mwanawe hai alishaikata.

"Nipe hata mfupa, baba watoto," humwambia kila asubuhi. "Nizike, nilale."

Kifungua mimba wao ndiye aliyewashika mkono. Aliacha kibarua chake akaja kufyeka bega kwa bega na baba yake. Alikuwa kijana wa hasira za karibu, lakini tangu dada yake apotee amepoa kama maji ya mtungi. Hata alipoupoteza mkasi wa kupogolea alioazima kwa baba yake, aliomba radhi mpaka mzee akaona haya. Mkasi wenyewe mkuukuu, mzee mwenyewe aliuzungushia mpini mpira mwekundu kwa mkono wake.

Siku hiyo walifika pembeni kabisa, nyuma ya kaburi la mawe. Magugu machanga yalikuwa yameota kwa pamoja, kipande cha urefu wa mtu. Mzee akalishika jembe.

"Hapo tupulizie dawa tu, baba," kijana alisema. "Mgongo wenyewe huo, utauvunja bure."

"Uache uvunjike. Nenda kaniletee mche wa mvule."

Akachimba peke yake, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Jembe likanasa kitambaa. Gauni la maua. Akapiga magoti, akafukua kwa mikono huku machozi yakimchuruzika, akamshukuru Mungu kwa sauti. Amempata. Mama yake atazika, atalala. Akataka kuinuka amwite.

Ndipo vidole vyake vikagusa mpira mwekundu.

Akaupapasa mpini, akautambua mkasi. Kisha akarudishia udongo, kiganja baada ya kiganja. Kijana alipofika na mche, macho yake yalikwenda kwanza kwenye udongo.

"Vipi, baba?"

Kule langoni mama alishasimama, sanda kifuani. Mzee akamtazama, akatikisa kichwa.

"Hapa hakuna kitu," akamwambia mwanawe. "Panda. Na maji utaumwagilia wewe, kila asubuhi, mama yako akikutazama."