Barafu ya Mtufaha

Kila kipupwe upepo wa kusini uliuletea mji ule baridi, na mtufaha hauchanui bila baridi. Lakini dunia ilizidi kupata joto, upepo nao ukageuza njia. Mama Semboja akanunua barafu kwa muuza samaki, akaipanga kuzunguka shina la mtufaha alioupanda marehemu mwanawe.

“Mama Semboja, upepo hauitwi kwa barafu,” mumewe alimwambia.

“Na mti huu nao unifie nikiutazama?”

Baba Semboja aliingia ndani. Akarudi na sweta dogo alilokuwa amemficha mkewe tangu msiba, akaifunika barafu nalo isiyeyuke upesi.

Wakaketi kando ya shina. Jua lilipowafikia, mikono ya sweta ilikuwa imeanza kulowa.