Somo la Mwizi Msalabani

“Soma tena,” Desalech alifoka. “Na safari hii usimeze maneno.”

Lombebo akasoma tena, kidole kikifuata mstari: mwizi aliyetundikwa kando ya Yesu aliomba akumbukwe, akaahidiwa kuingia peponi siku ile ile. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la wageni katika ua wa gereza la Hosaina, alikofungwa Lombebo. Karibu nao askari alikuwa akitafuna shayiri ya kukaanga.

Wahubiri wengine waliofika pale walikuwa na sauti za asali. Desalech alifundisha kama mtu anayepura ngano. Lombebo ndiye aliyeomba apatiwe mtu wa kumfafanulia Injili, maana kusoma alijua, kuelewa ndiko kulikomshinda. Mama huyu wa makamo akajitolea, akawa anapanda basi kutoka Sodo kila Jumamosi. Lombebo alimwogopa. Hata hivyo Jumamosi ikifika, alinawa uso mapema.

“Mama, hapa ndipo ninapokwama,” alisema. “Mtu ameiba, pengine ameua. Hajarudisha kitu. Hajamwomba radhi hata mmoja. Anaingiaje?”

“Waniuliza mimi? Ningekuwa mlangoni mimi, asingeingia.” Mishipa ya shingo ilimsimama. “Lakini mlango si wangu. Aliomba, akapewa. Nimekuja kukueleza kilichoandikwa, sikuja kukueleza ninachopenda.”

“Hata mimi, niliyemuua yule mpima ardhi?”

“Ana jina.”

Lombebo akainama. Ulikuwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Yeye alirusha jiwe, na kijana wa watu, aliyetumwa tu kupima, akaanguka na kamba yake mkononi.

“Markos,” akasema polepole.

“Hata wewe,” Desalech alijibu, kama anayetema shubiri. “Haya, unangoja nini? Au unataka nikuombee mimi?”

Basi Lombebo akaomba mwenyewe, palepale kwenye benchi, bila kupamba. Alilikiri jiwe. Alimtaja Markos kwa jina. Akaomba naye akumbukwe, na machozi yakamshuka mbele ya askari na wafungwa wenzake, wala hakuyaficha.

Desalech hakumshika bega wala hakumpa kitambaa. Alingoja hadi mwisho, akatoa “amina” moja kavu, kisha akaifunga Biblia.

“Mama,” Lombebo alisema akijipangusa kwa mkono wa shati, “tangu siku ya kwanza umenikasirikia, nami sijui nilikukosea nini. Mbona basi umehangaika hivi ili nifike peponi?”

Desalech alisimama, akajitanda shuka lake jeupe.

“Kwa sababu mwanangu Markos yuko huko,” alisema. “Ukienda kwingine, utakuwa umemkwepa.”