Papasi za Mgeni

Kitu kilitua juu ya wavu, na Abdiya akabana pumzi.

Ndani ya kizimba alikuwamo nondo jike wa hariri, wa mwisho kutoka kifukoni msimu huu katika migunga ya Makindu. Nondo wa ukoo huo hawana kinywa cha kulia; huishi siku chache tu. Asipopata dume jioni hii, mayai yake yatakuwa bure, na kina mama wa kikundi chao cha hariri hawatakuwa na viwavi wa kufuga.

"Amekuja mchumba?" mama mkwe akauliza kutoka kwenye mkeka wake wa kuswalia, tasbihi mkononi.

"Sijui, Mama. Yule wa mchana alikuwa kipepeo."

"Basi mtazame vizuri. Tusije tukamwoza kwa ukoo mwingine."

Abdiya akasogeza taa. Yule wa mchana alikunja mbawa wima mgongoni, na papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani, zilikuwa na kifundo nchani. Huyu alikuwa amezitandaza mbawa zake, pana, za rangi ya udongo mwekundu kama za jike. Akainama zaidi.

Papasi zikafunguka polepole mfano wa manyoya mawili ya ndege, kila kinywele kikitetemeka kuelekea kwa jike, ambaye papasi zake zilikuwa nyembamba tu.

"Mama! Manyoya! Ni dume, tena wa ukoo wake!"

"Allahu akbar! Mfungulie basi!"

Abdiya akafungua kijilango cha wavu.

"Na hiyo taa, mwanangu," mama mkwe akasema akigeuza uso, "izime. Wenyewe wana haya."