Sanda ya Hajja Nabawia

Sanduku la bati lilikuwa wazi, na ndani yake hamna kitu. Hamdan alipapasa mpaka pembeni, akaambulia dawa ya nondo na harufu ya waridi.

"Mama, sanda yako iko wapi?"

"Nimeitoa," alisema Hajja Nabawia, mikono yake ikiendelea kukanda unga wa mkate.

Hamdan alikaa chini kwa kishindo. Mengine yote alikwisha kuyazoea. Tangu mdogo wake Rifai auawe, miaka miwili sasa, mama yake alikuwa ameipa dunia kisogo, na kila kilichoingia nyumbani kilitokea mlango uleule. Godoro la pamba alilomnunulia mwezi wa Ramadhani halikumaliza siku. Lilihamia kwa jirani. Bangili za dhahabu zikamwoza yatima. Nyati wa kufugwa, wa maziwa, akapewa mjane mwenye watoto watano, kisha Hajja mwenyewe akawa anakwenda huko na kikombe kuomba maziwa, akicheka. Watu walisema Hamdan anamtesa mama yake. Wengine walisema huzuni imempanda kichwani. Hamdan alikuwa akipita sokoni akitazama chini.

Lakini sanda! Waliinunua pamoja Maka, wakaifua kwa maji ya Zamzam, na Hamdan ndiye aliyeianika juu ya paa la hoteli akakaa kuilinda na upepo. Toka siku hiyo Hajja alikuwa akiitoa kila Ijumaa, akiinusa kama anavyonuswa mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Umempa nani?"

"Mwenye haja nayo kuliko mimi."

"Wewe utazikwa na nini?"

"Mtanitafutia kitambaa. Sijaona bado maiti aliyeachwa barabarani kwa kukosa nguo."

Hamdan akamkumbusha alichosema imamu Ijumaa iliyopita, kwamba zuhudi, huko kuipa dunia kisogo, si kujitia ufukara, na mwenye mali anaweza kuwa mchaji kuliko ombaomba. Hajja akakubali kila neno. Imamu alisema kweli tupu, akamjibu, na yeye mwenyewe aliitikia amina.

"Kuwa na kitu si kosa, mwanangu. Kosa ni pale kitu kinapokuambia kaa, nawe ukakaa. Ile sanda ilikuwa imeanza kuniambia."

"Basi umemaliza," alisema Hamdan. "Kilichobaki nyumba hii ni damu ya Rifai, na hiyo si yako kuigawa."

"Rifai nimemzaa mimi. Fungu langu limo."

Akaufunika unga kwa kitambaa, akautoa uani ukaumuke juani, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku yenyewe ilikuwa nzito. Shahata, aliyempiga Rifai risasi kwa ugomvi wa zamu ya maji kwenye mashamba ya miwa, alikuwa aje baada ya adhuhuri kuomba msamaha. Wazee walizunguka baina ya koo mbili miezi minane mpaka wakafika hapo. Hamdan aliwakubalia upesi, na ndugu zake wote walijua kwa nini. Miaka miwili Shahata alikuwa mafichoni. Leo atakuja kwa miguu yake. Matanga ya Rifai yalikuwa hayajakaliwa, maana kwetu hapa mtu hapokei pole mpaka damu ilipwe, na Hamdan alichoka kurudisha mkono nyuma kila mtu alipotaka kumpa pole.

Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amefariki Bahiya, muuza jibini, maskini kuliko wote kijijini. Hamdan akajumlisha moja na moja. Akaenda mbio nyumbani kwa marehemu, akamwita mlangoni mwanamke aliyemwosha, akamtaka aseme sanda imetoka wapi. Mwoshaji akamwambia kitambaa kimetoka msikitini, tena bado kilikuwa na chapa ya kiwanda, akamuuliza kama haoni haya kudai nguo ya maiti. Hamdan akarudi bila jibu, hasira imezidi mara mbili.

Alikuta uchochoro umejaa watu. Hajja alikuwa ameketi kizingitini, mikono magotini. Akampita bila salamu, akaingia ndani, akatoa bunduki chini ya kitanda, akaificha ndani ya joho.

Shahata alikuja peke yake. Kichwa wazi, miguu mitupu juu ya vumbi la moto, mikono ameinyoosha mbele na juu yake sanda iliyokunjwa. Ndiyo ada yetu: muuaji anayeiombea roho yake huja nayo, na mfiwa huchagua kuipokea mikononi mwake au kumwacha aivae. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya mabega inaonekana. Akasimama hatua kumi kutoka mlangoni, akainamisha kichwa.

Hamdan akaitoa bunduki. Wazee wakapaza sauti wakimkumbusha ahadi yake, wanawake wakawavuta watoto, na uchochoro ukabaki wazi baina ya wale wawili. Hamdan alikuwa hamwoni mwingine ila Shahata. Akafumba jicho moja. Alichongoja sasa ni mama yake tu, amshike miguu, alie, amwombee muuaji. Na majibu alikuwa nayo, ameyaweka tayari miaka miwili.

Hajja Nabawia hakuinuka. Wala hakulia.

"Mpige basi, mwanangu," alisema, na uchochoro mzima ukamsikia. "Sanda anayo. Nimempa yangu."

Hapo ndipo Hamdan alipoitazama, akaijua, na bunduki ikashuka polepole mpaka mtutu wake ukagusa vumbi.